Breki Zote Zinafanya Kazi

Jumatano, mwezi wa kumi, Miyuji. Upepo umevuma tangu asubuhi na vumbi limeingia mpaka kwenye chai. Mchana wingu lilijikusanya upande wa Chemba, likatutamanisha kidogo, likaenda zake. Karakana nimeifunga mapema. Leo sina mkono wa kazi.

Acha niandike, labda nitapumua.

Wiki tatu zilizopita niliuza chenso yangu, ule msumeno wa mnyororo ulionilisha miaka mingi kabla mgongo haujanigomea na kunirudisha kwenye kuunda vitanda na makabati. Aliyeinunua anaitwa Yohana, mkulima wa huko Chemba, baba wa watoto wawili, umri wake sawa na mwanangu wa kwanza. Alitaka kuondoa miti iliyokauka shambani ili aongeze alizeti kabla mvua hazijaanza. Nilimuuliza kama amewahi kuendesha chenso. Akasema, “Hapana mzee, mimi ni mtu wa shoka. Nitajifunza humo humo.”

Nilicheka. Nilimpenda kwa ule ujasiri wake, ndiyo maana nilicheka.

Tukaenda kwa mwenyekiti wa mtaa kuandikishana. Mwenyekiti wetu ni mtu mwema, mhuri wake anautunza kuliko macho yake, lakini ana mfano mmoja tu wa hati ya mauziano, nao ni wa pikipiki. Kila kitu kinachouzwa mtaani kwetu huandikwa humo. Palipo na neno pikipiki akaweka chenso, mengine akayaacha: “Muuzaji amekabidhi chenso ikiwa nzima, breki zote zinafanya kazi, na hatahusika na lolote litakalotokea kuanzia leo.”

Tulicheka wote watatu. Mwenyekiti mwenyewe akauliza, “Kwani chenso nayo ina breki? Nifute?” Nikamwambia, “Iache tu, Mwenyekiti, haina madhara.” Yohana akatia sahihi polepole, kama mtoto wa darasa la pili. Nami nikatia yangu.

Chenso ina breki.

Ni ile kinga ya plastiki iliyo mbele ya mkono wa kushoto. Ncha ya msumeno ikigusa gogo vibaya, mashine huruka nyuma kumwelekea aliyeishika. Hapo mkono huisukuma ile kinga, na mnyororo husimama papo hapo. Yangu ilikuwa ikikwama kila mara na kunikatizia kazi. Siku moja nikashikwa na hasira, nikaifungua, nikaitupa kwenye kopo la misumari. Nikafanya kazi miaka bila hiyo. Nilijiambia naijua mashine yangu, kama mtu anavyomjua punda wake.

Lakini Yohana hakuwa akiijua. Na mimi nilikuwa najua kwamba hajui.

Nilipanga kumwonyesha, hilo naapa. Ilikuwa Ijumaa, adhana ikalia, nikamwambia anisubiri nitoke msikitini nimpe somo. Akasema gari la kurudi kwao litamwacha. Sikumshikilia. Ukweli ni kwamba nilifurahi kidogo, maana kumfundisha kungenilazimu niitaje ile breki, na pengine angeghairi na kudai pesa zake. Nikaenda kuswali nikiwa mwepesi kabisa. Mungu anisamehe na ile swala.

Jumapili hii iliyopita mkewe alinipigia simu. Mashine ilimruka Yohana akiwa kwenye mti wa tatu. Imempasua bega na mkono wa kushoto. Wamemleta mjini, ameshonwa, atapona, ila vidole vitatu havisikii. Daktari anasema tusubiri. Sijui mkulima anasubirije vidole wakati mvua iko njiani.

Jambo la kwanza nililofanya linanitia aibu. Sikukimbilia hospitali. Nilimpigia mpwa wangu, ambaye ni wakili.

Akaniuliza kama chenso ilisajiliwa kwa watu wa misitu, na kama Yohana alikuwa na kibali cha kuitumia. Usajili ulikuwa umeisha muda wake, na habari ya kibali sikumuuliza. Akashusha pumzi. Nikamwambia kuhusu breki. Akasema ile karatasi haimkingi mtu aliyeficha kasoro aliyokuwa anaijua. Ila akauliza, anayejua ni nani? Nikamjibu ni mimi peke yangu. “Mjomba, usiende huko. Na ukienda, ufunge mdomo. Pole yako itageuzwa ushahidi.”

Simlaumu, ananipenda, na ndiyo kazi yake. Lakini mimi nimezaliwa Dodoma hii, nikakulia kwenye nyumba ambayo mtu akivunjika mguu mtaa wa pili, wewe unabeba uji na kwenda. Tangu lini pole ikawa kesi?

Mama Salma, mke wangu, hakungoja nimalize kueleza. Alijaza chupa ya uji, akanikabidhi. “Nenda. Mambo ya wakili baadaye.” Habari ya breki sikuwa nimemwambia hata yeye.

Nilikwenda jana. Nilimsalimu mama yake Yohana kwa Kigogo changu kibovu, mbukwenyi, akacheka na kunipisha kwenye benchi. Yohana aliketi kitandani, mkono umefungwa mpaka shingoni. Akanipa shikamoo. Nilitamani asinipe.

Nilikuwa nimejiandaa kwa lawama. Hakunilaumu. Aliniomba radhi kwa kuiangusha mashine, eti imepata ufa. Kisha akainamisha kichwa akauliza, “Mzee, wewe umeitumia miaka yote haikukudhuru. Mimi nilikosea wapi? Niambie, ili nikipona nisirudie.”

Mkewe akanitazama. Mama yake akanitazama. Wote walikuwa wanangoja fundi aseme.

Nikasema, “Pumzika kwanza, mwanangu. Tutaongea.” Nikammiminia uji.

Nilitoka pale roho ikinisuta kila hatua. Wanasema mficha uchi hazai. Mimi nimeficha, na mwenzangu ndiye anayelala kitandani akijiona mjinga mbele ya mkewe.

Leo nililimwaga kopo zima la misumari mezani. Kinga ilikuwa chini kabisa, ina vumbi na kutu ya misumari, lakini nzima. Mama Salma akauliza ni kitu gani. Nikamwambia yote. Alikaa, akaigeuza mikononi, akasema, “Kumbe kilikuwa hapa hapa nyumbani.” Akaenda kuosha ile chupa ya uji na kuiacha wazi ikauke.

Naogopa. Naogopa polisi, naogopa kuiuza karakana hii ili nilipe fidia, naogopa mwenyekiti atakavyonitazama akikumbuka nilivyomzuia asifute. Mpwa wangu nimemwandikia ujumbe kwamba ajiandae, mjomba wake ameshindwa kufunga mdomo.

Asubuhi nakwenda tena na uji, na kinga nimeshaiweka mfukoni mwa koti. Nitaitoa mbele ya mkewe na mama yake, na kabla sijaomba radhi yoyote nitamjibu alichoniuliza.

Hakukosea popote.