Karai la Kuogea Walilozikia Mtu

Mpendwa mama,

Nimeshinda! Nakwambia kabla hata ya salamu, maana hukupenda habari za kuzungushwa. Wale maprofesa watano walioniangusha mwaka jana, juzi wamesimama na kunipigia makofi hapa Minneapolis. Shahada ni yangu.

Unakumbuka ulipokuja kunitembelea? Nilitoka zamu yangu ya kuhudumia wazee kule Maplewood, nikakupeleka kwenye maonyesho uone ninachosomea: majeneza ya udongo ya kale kutoka kisiwa cha Krete, Ugiriki, yamechorwa rangi. Nikajitia kukueleza. Wewe, mfinyanzi wa miaka na miaka, uliinama, ukachungulia moja, ukasema ukumbi mzima ukasikia: "Ala! Hili ni karai la kuogea!"

Watu wakageuka. Nikakuvuta mkono. "Mama, tafadhali, unaniaibisha."

Wapi! "Tazama tundu la kutolea maji. Na nani humchorea maiti samaki kwa ndani? Hapa chini rangi imesuguliwa na makalio ya watu, mwanangu. Wameoga humo weee, mwenyewe alipokufa ndipo wakamlaza."

Nilinuna njia nzima. Ukarudi Kenya, ukafariki kabla sijakuomba msamaha. Hilo linaniuma mpaka leo, mama. Nisamehe.

Maprofesa waliponiangusha walisema sina hoja yangu, narudia tu ya vitabuni, na kwamba nimebakiza nafasi moja. Nililia wiki nzima, halafu nikakukumbuka. Nikarudi kwenye lile karai, ambalo kibao chake kinasema lilifinyangwa kwa ajili ya maziko. Nikapima tundu, nikapiga picha kila palipolika, nikaandika yote uliyoyasema, na makalio yakiwemo.

Juzi mkuu wao akavua miwani. "Hili la rangi kusuguliwa umelitoa kwa nani?"

Unajua nilikuwa sijawahi kutamka jina lako. Kwetu mtoto hamtaji mzazi wake hivi hivi. Lakini nikasimama wima: "Kwa Nafula, mfinyanzi. Ni mama yangu."

Akajaribu kulitamka, akakosea. Nikamsahihisha. Akakosea tena. Haki ya Mungu, mama, sikumwachilia! Alirudia mbele ya wenzake wote mpaka likatoka sawasawa, kisha akaniambia niliandike kwenye orodha ya wataalamu niliowanukuu.

Ringa huko uliko, mama.

Binti yako, kitindamimba