Garimoshi, Batamzinga, Mkazamwana

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimeanza maneno ambatano na darasa la pili. Nikaandika ubaoni: gari. Mbele kidogo: moshi. Kisha nikayaandika pamoja — garimoshi! Wakapiga makofi kama nimefanya kiinimacho. Bata na mzinga, vivyo hivyo. Kibogoyo — ndivyo wenzake wanavyomwita, meno ya mbele yameng'oka yote — akanyoosha mkono. Eti mwalimu, kwa hiyo barabara ni mabara mawili? Kabla sijajibu mwingine akadakia: na kabati ni bati dogo! Nimecheka mpaka machozi.

Nimefika nyumbani bado nacheka. Hakuna wa kumsimulia. Nikamwandikia mwanangu ujumbe, ya barabara na mabara. Ameusoma. Hajajibu. Kazi zimembana, ndivyo anavyosema siku zote. Nyumba hii ya walimu nilihamia baada ya baba yake kufariki, naye hajawahi kuiona. Alipooa alinitumia picha.

Jumatano, 6 Machi

Kadi. Kila mtoto nusu ya neno, amtafute mwenye nusu nyingine. Fujo! Aliyeshika MWANA aligombewa kama mpira — huku HEWA, huku SESERE, huku NCHI. Ikabidi nimnusuru.

Mwishoni nikawapa mkazamwana. Hakuna aliyelijua. Nikaeleza: mke wa mtoto wako wa kiume. Binti wa dawati la mbele akauliza, wewe unaye? Ninaye. Mnakaa wote? Hapana. Anapenda kula nini?

Nikasema tuendelee na kipazasauti.

Ijumaa, 8 Machi

Nimerudi kutoka shuleni nikamkuta msichana kakaa kizingitini kwangu, na begi moja. "Shikamoo, mama." Nikamtambua kwa ile picha. Mkazamwana! Macho yangu yakamruka, yakaenda njiani kumtafuta mwanangu.

"Nimekuja peke yangu," akasema.

Amekula kidogo sana. Akang'ang'ania kuosha vyombo. Alipokunja mikono ya gauni nikaona. Alama za vidole. Nyingine mbichi, nyingine zimeshageuka manjano. Akaishusha mikono haraka, ikaloa maji.

Sikuuliza. Naye alisema moja tu: "Mama, nakuomba usimwambie niko hapa."

Nilimzaa mimi, huyo mwenye vidole.

Jumamosi, 9 Machi

Ananisaidia kukata kadi za wiki ijayo. Mwandiko wake mzuri, wa duara. Nikamsimulia ya Kibogoyo na mabara mawili — akacheka! Halafu akaziba mdomo, kama aliyevunja glasi ya watu.

Nilishasahau nyumba yenye mtu wa pili inavyosikika. Kikohozi. Ndala. Bomba linafunguliwa na si mimi niliyelifungua. Nimefurahi. Na ninaona haya kufurahi.

Jumapili, 10 Machi

Mwanangu kapiga! Mwenyewe! Nilikuwa uani naanika nguo. Akauliza goti langu linaendeleaje. Akauliza shule, akauliza watoto. Nikapindua beseni nikalikalia, nisikilize vizuri. Nikaanza kumsimulia: sasa bwana, kuna mtoto mmoja, hana meno —

"Mama, mke wangu yuko kwako?"

Kumbe. Kumbe ndicho alichopigia.

Gauni lake lilikuwa kwenye kamba, mbele ya uso wangu, linadondosha maji.

Nikasema hayupo.

Nikamsikia anapumua. Kisha akakata, hata kwaheri hakuna. Sijawahi kumdanganya mwanangu. Hata baba yake alipokuwa mahututi nilimweleza ukweli wote. Nimeingia ndani, nikamwambia mkewe ilikuwa simu ya shule. Wawili kwa siku moja!

Jumatatu, 11 Machi

Darasani nimekoroga kila kitu. Nimeandika BATAMOSHI ubaoni, herufi kubwa kubwa! Kibogoyo nusura aanguke kwa raha ya kunisahihisha. Watoto wamedai tuliweke, bata anayetoa moshi. Wakamchora.

Nimerudi mchana na michoro yao mkobani, nimwonyeshe mkazamwana. Alikuwa mezani na mkasi. Simu ikaita. Nikapokea nikiwa bado nimesimama.

"Mama, nimeshuka kituoni. Shule naiona, ila nyumba yako siijui. Nielekeze."

Sauti laini. Ile ya utotoni, alipokuwa anataka kitu. Jinsi nilivyoyangoja maneno hayo! Chumba cha pili nilikitandika kwa ajili yake tangu nilipohamia — shuka zile za bluu anazozipenda. Ndimo mkewe anamolala.

Nikamwambia hapo hapo alipo asiondoke, njia inachanganya, nitamfuata mwenyewe. "Na goti lako, mama?" Nikasema leo haliumi.

Mkazamwana hakuuliza ni nani. Mkasi alikuwa ameshauweka chini. Nikamwambia aingie chumbani, ashushe komeo, asimfungulie mtu yeyote. Hata akisikia sauti yangu nje namwita afungue — asifungue. Akanitazama sana. Akaingia.

Komeo limeshuka, nimelisikia. Naandika ili mkono huu utulie. Sijui nikifika kituoni nitasema nini. Sijui nitamkumbatia kwanza au nitamkamata vile vidole nivitazame. Simu inaita tena. Nimevaa kiatu kimoja tu