Ndama Mwenye Nundu

Murungu, Jumapili baada ya misa

Mdogo wangu Ildefonsi,

Amani ya Bwana iwe nanyi huko Kasulu. Sisi wazima, maharage yamekubali, na Aneth kapata kipaimara.

Kuhusu ndama. Uliposikia ana nundu ulisema, "Dada, yule mtaalamu wa uhimilishaji kakupiga! Mbegu ya ng'ombe wa maziwa, ndama wa kienyeji?" Nami nikacheka, nikawaambia na wenzangu wa jumuiya. Sasa hawamwiti tena kijana yule kwa ng'ombe wao. Juzi alipita na pikipiki na mtungi wake wa mbegu. "Shikamoo mama, ndama hajambo?" Nilishindwa kuitikia.

Ildefonsi, hakukosea. Siku ile alipopandikiza niliona kale kamrija ka mbegu, kembamba mno, moyo ukasita. Kesho yake ng'ombe alikuwa bado analia kutaka dume, nikampeleka kwa dume la Majaliwa, ingawa kijana alinikataza. Ile nundu ni ya dume lile. Nilikuwa nimesali, kisha sikungoja.

Usimshtaki kwa mkubwa wake. Jumatano nitasimama kwenye jumuiya niyaseme haya. Nataka akipita tena nimwitikie marahaba nikimtazama usoni.

Dada yako aliyekosa,
Verediana