Kayaki Fupi Mbele ya Mama Mkwe

Wewe, acha unachofanya unisome.

Nimekwenda kununua kayaki ya kuvulia, ile ya kukanyaga pedali. Fupi hugeuka upesi kwenye matete, ndefu hubeba mzito. Nikachagua fupi. Mama mkwe yuko kando yangu.

Muuzaji akauliza, "Una kilo ngapi?"

Nikasema themanini. THEMANINI, shoga! Bila kupepesa.

Tukaijaribu bwawani. Nilipokaa tu, maji yakanifika kiunoni. Kiunoni! Nikaendelea kupiga pedali kama mtu mwenye safari.

Mama mkwe akamwambia muuzaji kwa upole, "Mpe ndefu, mwanangu. Hizo themanini ni za kabla ya harusi."

Nimenunua ndefu. Fupi kachukua yeye. Jumamosi tunavua wote, na keshaniambia nikae mbali, nisije nikamtingishia maji.