Ijumaa Ilivyokuchosha

Mama Sharon,

Nilianza kwa kukuuliza u hali gani, nikafuta. Nikaandika pole, nikafuta pia, maana pole ni yetu tuliobaki. Basi nakuandikia tu. Niko maktabani hapa chuoni, eisi inapuliza baridi kana kwamba tuko Limuru, na badala ya kumalizia sura ya nne ya tasnifu yangu nakuandikia wewe. Msimamizi wangu anaitaka sura hiyo Alhamisi. Wewe umo ndani yake, ndiyo maana haiandikiki.

Uliaga ukaenda likizo Bungoma, tukajua utarudi na mahindi ya kukaanga kama kawaida yako. Badala yake tukapata simu kwamba presha imekupanda na hospitali mmefika mmechelewa. Mazishi yako niliyatazama kwa simu, kwenye meza hii hii. Mtandao ulikuwa unakatika. Niliona jeneza, nikaona tope, nikamwona Sharon wako amevaa sweta ya shule, kisha picha ikaganda. Mwanafunzi mmoja akaja kuniuliza kama kiti cha pembeni kina mtu. Nikamwambia hakina, halafu nikaangua kilio. Maskini, alibeba kompyuta yake akaenda kukaa mbali kabisa.

Unajua nilivyokuwa nilipofika Doha. Chumbani, maktabani, chumbani. Nilikuwa naweza kumaliza siku tatu bila kusema neno la Kiswahili. Ni wewe uliyenishika mkono mlangoni mwa kanisa baada ya ibada ya Ijumaa, hata jina hujaniuliza: "Wewe mtoto wa nani? Umekula?" Ukanipeleka mtaa wa Al Thumama kwa Sista Agnes, yule nesi, ambako Wakenya hukusanyika baada ya ibada kwa kuwa huku Jumapili ni siku ya kazi. Ukanipa sinia la dengu nichambue. Wewe ulikuwa unasukuma chapati za watu thelathini, umesimama, baada ya siku sita za kutandika vitanda vya hoteli huko West Bay. Nilipotoa kitabu mkobani ulinipokonya. "Halas, inatosha, prof. Kichwa nacho kinataka off."

Ndivyo nilivyopata siku moja katika wiki ambayo sikujiona mkosaji kwa kutosoma. Hiyo ulinipa wewe, na sikumbuki kama niliwahi kukushukuru.

Kisha nikakugeuza kazi. Utafiti wangu ni wa usingizi wa watu wanaofanya kazi za zamu, na wewe ulikuwa wa kwanza kutia sahihi fomu yangu. Nilikusomea ile ahadi kwamba hakuna atakayejua ni wewe uliyesema. "Hata Agnes?" Hata Agnes. Ukacheka. Tukajifungia chumbani kwake wenzetu wakiendelea kula sebuleni, nikawasha kinasa sauti, nikakuuliza ni siku gani unachoka zaidi.

"Ijumaa," ukasema. "Hiyo ndiyo inanimaliza. Natoka zamu Alhamisi nikiwa nimeisha, halafu asubuhi naamka kukanda unga. Ningepata Ijumaa moja tu, moja, nilale hadi nichoke kulala."

Niliandika haraka haraka. Nitakwambia ukweli kwa sababu wewe hukupenda watu wa kuzungukazunguka: nilifurahi. Nilifurahi kama mtu aliyeokota kitu njiani. Sikukuambia Ijumaa ijayo lala, nitakanda mimi. Ijumaa iliyofuata nilikula chapati zako nne.

Halafu ikaja ile Ijumaa baada ya mazishi. Tulikutana kwa Sista Agnes kukuombea, na chapati zilinunuliwa dukani, hakuna aliyekuwa na moyo wa kukanda. Agnes akaniambia nisome wasifu wako. "Wewe ndiwe ulikaa naye ukamwandika, wewe ndiwe unamjua." Kabla yangu walisimama mmoja mmoja. Kila mtu alisema hukuwahi kukosa Ijumaa hata moja. Kwamba Ijumaa ndiyo iliyokupa nguvu. Kwamba hapo, kwetu, ndipo ulipopumzikia.

Mama Sharon, nilisimama na karatasi yangu nikaona kwamba karibu yote ninayoyajua juu yako nimeapa kutoyasema. Nikasoma jina lako, kijiji chako, Sharon, kazi yako. Mistari minne. Nikakaa. Mtu nyuma yangu akasema chinichini, lakini nilisikia: "Masomo nayo hukausha watu." Tangu siku hiyo wananisalimia vizuri sana. Ila hakuna anayenipa dengu nichambue.

Sielewi. Ulitupenda, au tulikumaliza? Nami nilikuwa mmoja wa wale thelathini? Au wao ndio waliokujua, na mimi nilikukuta siku mbaya nikaiandika siku hiyo kana kwamba ndiyo maisha yako? Nimekosa Ijumaa mbili sasa, nasingizia kazi nyingi. Kweli ni kwamba siwezi kuingia jikoni mle. Nalala kutwa, nalala kwa niaba yako labda, na naamka nimechoka kuliko nilivyolala.

Msimamizi anasema maneno yako ndiyo moyo wa tasnifu. Jina halimo, wewe ni Mshiriki wa Nne, fomu ulitia sahihi, hakuna kosa. Lakini yeye hajui kwamba Agnes ameshaniomba nakala aiweke pale sebuleni. Nani mwingine Doha nzima alikuwa anakanda unga wa watu thelathini? Nikiyaacha maneno hayo, watayasoma na yatawaua. Nikiyatoa, basi mtu pekee aliyekusikia ukisema umechoka atakuwa amekunyamazisha. Huku siwezi, kule siwezi.

Jana mchana nilijipa moyo nikasikiliza ile sauti, mara ya kwanza tangu ufe. Umesema lile la kulala hadi uchoke kulala. Kinasikika kifuniko cha sufuria, na watu wanacheka sebuleni. Nawe unacheka, kicheko kile chako cha puani. Kisha unasema, "Lakini Ijumaa..."

Na sauti inayofuata ni yangu. "Sawa, asante. Swali la saba."

Nawe, kwa adabu ile watu huwapa wenye fomu, ukajibu swali la saba.

Nimerudisha hapo, nikarudisha, nikarudisha. Hakuna kitu. Lakini Ijumaa nini, Mama Sharon? Huenda ndilo jibu ninalolitafuta, huenda ulitaka tu kusema unga umepanda bei. Sitajua. Nilikuwa na maswali ishirini na nilitaka yaishe.

Nitamwambia msimamizi kwamba maneno yale ni nusu, na nusu siiandiki. Akasirike akitaka. Na Ijumaa hii nitaenda kwa Agnes, nitakanda unga mwenyewe, nao watazicheka chapati zangu na nitawaacha wacheke. Nitamuuliza atakayekuwa kando yangu kama amechoka. Akianza kunijibu, nakuahidi nitafunga mdomo hadi amalize.

Kwaheri, mama. Nisamehe kwa kukukatiza.

Mimi,
Nyambura