Vidonge vya Mguu wa Babu

Misima, 3 Novemba 2024

Mwanangu Maryamu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila mguu niliovunjika bado. Simu siitaki, haina adabu. Naandika kwa mkono wangu, na darasa la tatu la zamani si mchezo.

Mwanao Sharifu amekuwa trekta! Siku ya msaragambo wa barabara, kijiji kizima na majembe, alilalamika kiuno, nikampa kidonge changu cha maumivu, kile cha hospitali. Wee! Aliwapita wenye ndevu. Wakaniuliza, "Mzee Muhidini, unamlisha nini?" Nikawaambia damu yangu hiyo. Sasa kila asubuhi nampa kabla ya jembe.

Ni mimi baba yako.

Korogwe, 8 Novemba

Baba, shikamoo. Pole na mguu. Huku wazima, machungwa yanauzika.

Baba, nimeogopa. Jirani yangu Grasiana ni muuguzi. Anasema vidonge hivyo umeandikiwa wewe peke yako, vinalevya, na mtoto wa miaka kumi na tano akivizoea hawezi kukaa bila. Nakuomba mpeleke kituo cha afya. Hawatamfunga.

Mwanao, Maryamu.

Misima, 19 Novemba

Maryamu, marahaba. Mguu vilevile.

Huyo Grasiana ndiye aliyenizaa? Haya, nimemnyima. Nimevifungia sandukuni, ufunguo uko shingoni kwangu. Anatapika, anatetemeka, analia, "Babu, kimoja tu." Nikamwambia mimi tumbaku niliiacha siku moja, kesho yake nikalima. Kituoni siendi. Watu waseme mjukuu wa Muhidini ni teja? Atapona hapahapa.

Baba yako.

Korogwe, 22 Novemba

Shikamoo baba. Mpeleke leo. Nimepiga magoti hapa ninapoandika. Jumatatu nakuja kumchukua.

Maryamu.

Misima, 14 Desemba

Mwanangu,

Hujambo? Ulikuja msibani ukaondoka hujaniamkia.

Hukuniuliza, nakwambia. Nilikwenda kusali adhuhuri. Niliporudi sanduku limevunjwa, yeye kalala anakoroma. Nikasema mwacheni, huo ndio usingizi wa mwanaume, akiamka atakuwa mzima. Alasiri kukoroma kukanyamaza.

Kaburi nimechimba mwenyewe, kwa mguu huu. Vijana walitaka kunipokea jembe, nikakataa. Waulize.

Vidonge vilivyosalia nimevitupa chooni. Mguu unauma, acha uume. Mahindi yake yameota vizuri kuliko ya wote hapa Misima. Kupalilia siwezi.

Kondakta wa basi anayebeba barua zetu nimemwambia safari hii asubiri majibu. Kwa zile salamu mbili nilizotuma baada ya msiba amerudi mikono mitupu.

Marahaba, mwanangu. Naitikia hivyohivyo.

Baba yako.