Msalaba wa Kwandu na mashine ya Luhaga

Bariadi, 4 Mei 2025

Mke wangu mdogo Nyanjige,

Mwangaluka! Hapo Mwanza hamjambo? Mimi mzima, meno tu ndiyo yanahama moja moja.

Kwanza, ukisikia mtu anasimulia habari yangu na Maduhu, mzibe mdomo. Wote wanakosea. Eti seremala mwenzangu alinihurumia. Uongo! Siku tuliyomzika bibi yako Kwandu, alisema mbele ya watu: "Luhaga, mikono inakutetemeka, hata msalaba wa mkeo huwezi kuuchonga jina." Mimi! Niliyechonga nusu ya milango ya Simiyu! Na yeye anachonga kwa mashine ya kompyuta, mikono mfukoni.

Sasa namjibu kwa mashine kama yake. Fremu tayari, mota tatu ulizonipa nimefunga, kompyuta yako kuukuu inawaka. Nitumie ile bodi ya kuziongoza mota. Misa ya bibi yako, siku ya kusimika msalaba, ni tarehe 28 Juni. Nataka Maduhu akae mbele kabisa, aone.

Guku wako,
Luhaga

Mwanza, 13 Mei 2025

Bwana harusi wangu kibogoyo,

Shikamoo guku. Mimi sijambo, ila nina hasira. Siku ya mazishi? Nikifika huko Maduhu simpi mkono.

Bodi inakuja na basi. Vichipu vilivyopachikwa juu yake ndivyo vinavyosukuma mota. Nimeongeza kimoja cha akiba, maana nakujua. Iambie mashine isogee milimita mia, upime kwa futi, urekebishe namba mpaka zilingane. Anza na kalamu, siyo kisu. Na usichomoe waya wa mota umeme ukiwa umewaka. Guku, umesikia?

Mnyamazishe.

Mjukuu wako,
Nyanjige

Bariadi, 2 Juni 2025

Mke wangu,

Hujambo? Goti langu linakusalimia.

Nilisikia. Lakini mota ya kwenda mbele ikawa inakwenda kulia, ya kulia inakwenda mbele. Nimelima na maksai miaka arobaini. Wakikosea upande unawabadilisha hapo hapo shambani, huwarudishi kwanza zizini. Nikabadilisha waya, umeme unawaka. Paa! Moshi! Kichipu kimeungua. Nimebaki na kile cha akiba, kikiungua nacho nimekwisha.

Nimekifunga. Niliiambia mia, ikaenda themanini. Nikarekebisha, sasa mia ni mia. Jana Maduhu alikuja kuchungulia, nikamfungia mlango puani. Acha ateseke.

Guku wako fundi,
Luhaga

Bariadi, 30 Juni 2025

Nyanjige mjukuu wangu,

Pole kwa kunyimwa ruhusa kazini. Sisi wazima.

Jina limetoka, herufi kama zimeota na mti. Baada ya misa nikamwita Maduhu mbele ya watu wote: "Haya, gusa. Nitafutie palipotetemeka!" Akapitisha kidole, K mpaka U. Akavua kofia. "Mzee, umenishinda."

Kicheko nilikuwa nimekiandaa miezi miwili. Hakikutoka.

Ukija, mpe mkono. Yale maneno ya mikono nilitunga mimi. Alichosema siku ile ni hiki: "Mzee, pumzika. Msalaba wa mama nitauchonga mimi, bure."

Hiyo bure yake ndiyo iliyonichoma.

Guku wako,
Luhaga